Vibao vya Nchi Isiyo na Dhahabu

Siku ya kwanza Mzee wa Vibao aliponiambia kwamba watu wa ziwani wamelalamika, nilidhani ana ndugu zake Mwanza. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni pa karakana yake pale Nyasubi, mjini Kahama, nikisubiri simu yangu ipate chaji. Nikamwuliza wanalalamikia nini. Akasema kwenye vibao vya madaraja lugha yao huandikwa ya mwisho, na yeye mwenyewe akifikiria sana anaona wana haki. Nikamwuliza ni madaraja ya wapi hayo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake mzazi, akafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Kuta zote zilikuwa vibao vya barabarani. Vingine vya bati, vingine vya mbao, vingine vya maboksi ya sabuni yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Vya kijani vyenye mishale, vya njano vyenye ng'ombe, vya bluu vyenye kitanda cha hospitali, na kila kimoja kina mistari minne ya maandishi. Mimi husoma kila kitu kinachosomeka, hata gazeti lililofungia maandazi. Nilisimama pale nikisoma ukuta mmoja baada ya mwingine, na sikuelewa neno hata moja.

"Hivi ni vya nchi gani, mzee?"

"Kwetu," akasema.

Nilishtuka mpaka nikasahau simu yangu kwenye chaji. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikipanga mambo yanayowezekana: mzee ni mgonjwa, mzee ni mpelelezi, mzee ananitania, mzee ni mgonjwa lakini si wa kudhuru. Mwishowe nikamfuata Mama Kulwa, mwenye nyumba wetu, aliyekuwa anachambua dagaa uani. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ah, umeonyeshwa nchi. Mimi nimeshakimbia humo mpaka goti likaniuma."

Ukoo wake na mahali alipozaliwa wapo watu wa Kahama wanaoweza kueleza vizuri kuliko mimi. Mimi naandika niliyoyaona katika miaka mitatu ya kupanga chumba kilichopakana na chake, miaka ambayo kazi yangu kubwa ilikuwa kutuma barua za maombi na kujiuliza kila neno nililoandika limesomwaje. Nilikuwa na shahada ya jiografia. Yeye alikuwa na brashi saba, moja ya manyoya aliyoinyoa mwenyewe kutoka kwenye mkia wa ndama.

Nusu ya maduka ya zamani ya Kahama yalisema kwa mkono wake. Saluni, maduka ya dawa, mashine za kukoboa mpunga, kanisa moja Nyahanga ambalo jina lake aliliandika kwa herufi ndefu hivi kwamba mafundi walilazimika kupandisha ukuta. Aliweza kuchora duara bila kitu cha kupimia, akishusha pumzi taratibu kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine aliyaita nguo. Ukimwambia kuna kibao kipya mjini anauliza kwanza, "Kibao au nguo?"

Alikuwa na majivuno, sitaficha. Jumapili baada ya misa alizunguka mji akikagua kazi zake, na akikuta vumbi anapanda juu ya kiti cha mwenye duka na kulifuta kwa leso ya kanisani. Mwenye zahanati mmoja aliwahi kumkuta ukutani kwake akadhani ni mwizi wa taa. Mzee hakuomba radhi. Alimwambia yule daktari kwamba mtu asiyefuta kibao chake hawezi kukabidhiwa kidonda.

Tena alikuwa mkali kuhusu ukweli, mpaka akawa anakosa wateja. Mwanamke mmoja muuza samaki alimletea bati aandikiwe kwamba samaki wake ni wabichi kutoka ziwani. Mzee akaomba aone samaki. Akawanusa. Akaandika SAMAKI, herufi nzuri kupita kiasi zenye kivuli cha bluu, basi. Yule mama akauliza mengine yako wapi. Mzee akamjibu kwamba kibao kinasimama mahali mwenyewe hayupo, kwa hiyo hakina wa kumtetea kikiulizwa. Mama akaondoka akitukana kwa Kisukuma, na kesho yake akakipachika vilevile.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa hawezi kukaa ndani ya gari. Huyu aliyekuwa na daftari kubwa kumi na moja za barabara, kona, miteremko na mizani ya malori, alikuwa akipanda gari anatapika kabla hajatoka nje ya mji. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Nilipomwuliza anajuaje basi dereva anahitaji kuona nini, alisema dereva haoni barabara, anaona anakokwenda. Anayeogopa barabara ndiye anayeiona. Kisha akaendelea kutafuna michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa. Asubuhi alikuwa haongei na mtu kabla ya chai na michembe, na ukimsalimia mapema anaitika "marahaba" kana kwamba umemkanyaga.

Sasa niieleze nchi, maana niliichunguza zaidi ya nilivyochunguza masomo yangu.

Ilikuwa na watu wa aina nne: wa ziwani, wa mlimani, wa mbugani, na wale waliofika baadaye kutafuta kazi, ambao aliwaita wageni wa zamani. Kila kundi lilikuwa na lugha yake. Hakuwa ametunga lugha nzima. Alitunga yale tu ambayo mtu wa barabarani anayahitaji, maneno kama sitini kwa kila lugha. Nilipekua daftari zote nikitafuta neno la kupenda. Halikuwepo, lakini daraja jembamba lilikuwa na majina manne, na mojawapo lilikuwa zuri kiasi kwamba nililisema peke yangu nikiosha vyombo.

Tatizo la nchi hiyo lilikuwa nani aandikwe wa kwanza. Mwanzoni alijaribu kuandika lugha zote kwa mstari mmoja, zikasongamana kama watu kwenye mlango wa benki. Akajaribu rangi tofauti, wa mlimani wakasema wamepewa rangi ya msiba. Mwishowe akaweka utaratibu kwamba lugha ya kwanza inabadilika kila unapovuka mto, ili kila mtu awe wa kwanza mahali fulani na wa mwisho mahali fulani. Ndipo watu wa ziwani wakalalamika, kwa sababu upande wao mito ni michache. Aliniambia haya kwa uso wa mtu aliyetoka kikaoni.

Nilimshauri afupishe. Neno la watu wa mlimani la kupunguza mwendo lilihitaji bati la urefu wa mita mbili. Nikasema weka herufi tatu za mwanzo, watazoea. Aliweka brashi chini.

"Mwanangu, huwezi kumwambia mtu afupishe lugha ya mama yake kwa sababu bati limeisha."

Na vibao hivyo vilijaribiwa. Hiyo ndiyo maana ya goti la Mama Kulwa. Mzee alitundika kibao mwisho wa ua, akamtaka mtu aingie getini mbio, huo ukiwa ndio mwendo wa gari la kilometa themanini kwa saa, na akifika kwenye karo la maji aseme ameona nini. Mama Kulwa alikimbia na kanga yake, akasema ameona kijani na ameona nguo zake zimeanguka kwenye kamba. Mzee aliandika majibu yote mawili. Nilipokuja mimi nikarithi kazi hiyo. Nilikimbia mara nyingi ajabu, mtu mzima mwenye shahada, huku akina mama waliokuwa wanapita kwenda sokoni wakisimama getini kuuliza kama nimefukuzwa na nyuki.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anajitesa na lugha nne wakati sisi tuna Kiswahili na kibao kimoja kinamtosha kila mtu. Akasema huku kwetu, nyumbani mtu anaongea Kisukuma, au Kisumbwa, au Kizinza, kisha akitoka barabarani anakuta Kiswahili. Anakisoma vizuri tu. Anaelewa. "Ila mtu akisoma kwa lugha ya pili," akasema, "anaelewa na haogopi." Niliona ni maneno ya busara, nikayaandika kwenye simu. Sikujiuliza, mimi ninayejiuliza kila kitu, kwa nini mtu wa kuchora saluni atake watu waogope.

Dalili zilikuwepo. Hakuwa anaandika neno hatari. Walikuja watu wa mashine ya kukoboa wakitaka kibao cha umeme, akawaelekeza kwa mchoraji mwingine. Jirani yetu mmoja alitaka MBWA MKALI kwenye geti. Mzee akakataa, jirani akabembeleza, akapewa kibao chenye mbwa mkubwa mweusi amelala usingizi, bila maneno yoyote. Mtaa mzima ulicheka. Lakini ni kweli kwamba watu walipita pale kwa kunyata.

Na nchi yake, nilipoikagua vizuri, ilikuwa na chumvi, mpunga, samaki, pamba na machimbo ya mawe ya kujengea. Nikamwuliza kwa mzaha kama huko hakuna dhahabu. Maana mtu wa Kahama au Geita kubuni nchi nzima akasahau dhahabu ni kama mtu wa pwani kusahau maji.

"Sikuiweka," akasema. Akanigeuzia mgongo.

Mwaka wa tatu nikapata kazi. Ilikuwa ya miezi mitatu, kwa mkandarasi aliyekuwa anatengeneza barabara upande wa Nyarugusu ya Geita, na mimi nilikuwa msaidizi wa mambo ya mazingira na usalama. Nilipewa fulana ya njano inayong'aa, nikailalia siku ya kwanza ili isipotee. Injinia aliyekuwa juu yangu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Wiki ya pili aliniita akanionyesha mahali, hatua chache kutoka ukingo wa barabara, ambapo ardhi ilikuwa imebonyea. Chini yake kulikuwa na duara la zamani, yaani shimo la wachimbaji, lililotelekezwa, na njia zake zilipita chini kwa chini mpaka karibu na lami. Kifusi cha kulijaza kingechukua wiki kadhaa kufika. Akaniambia, "Weka vibao vya hatari, pande zote. Viwe vya kuonekana. Ijumaa nivikute."

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi kwa sababu nilijua nani wa kumpa kazi hiyo. Nilirudi Kahama Jumamosi nikaenda moja kwa moja karakanani, nikamwamkia, nikamweleza kama mtoto anayeleta cheti nyumbani: vibao sita, nyekundu na nyeupe, HATARI, SHIMO, USISOGEE.

Alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa kwenye sakafu.

"Wapi?"

Nikamtajia.

Akasema hapana. Nikamwambia si lazima aandike neno hilo kubwa. Akasema hapana, na mimi pia nisiandike, nimwambie Injinia wangu ajaze shimo au akae kimya. Nikakasirika. Niliona ni yale mambo yake, nchi yake, mbwa wake aliyelala. Nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba watu wanaweza kutumbukia wakafa kwa sababu mchoraji anaogopa neno. Aliinamisha kichwa akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, wewe hujui," basi.

Nikaenda kwa mchoraji mwingine. Tena nikamsimamia, nikamwonyesha nilivyojifunza kwa mzee: ukubwa wa herufi kwa umbali, nafasi kati ya mistari, varnishi mara mbili. Vilitoka vizuri sana. Jumanne tulivisimika, nikavipiga picha, Injinia akanisifu mbele ya madereva.

Ijumaa asubuhi nilipita na gari la kazini nikaona watu. Walikuwa kama kumi na watano, ndani ya mzunguko wa vibao vyangu, na sururu na makarai na moko, zile patasi za wachimbaji. Wengine walishafika kiunoni. Mama mmoja alikuwa ameinjika chai kwenye mafiga, na amefunga turubai lake la kivuli kwenye nguzo ya kibao changu kimojawapo. Nilishuka. Nilimfuata baba mmoja wa makamo aliyeonekana kuwa mkubwa wao, nikamwamkia, nikamwuliza kama hawakuona vibao.

"Tumeviona, dada. Ndivyo vimetuleta."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Kibao kizuri vile, akasema, hakiwekwi mahali pasipo na kitu. Nani atagharimia rangi na chuma kwa ajili ya shimo tupu? Wenye mali wakitaka watu wasisogee ndio huandika wasisogee. Akapigapiga kile kibao kwa kiganja, kama anayesifia ng'ombe. "Hii ni kazi ya watu wanaojua," akasema.

Niliita walinzi. Walinzi wakawaondoa. Jumamosi mchana walikuwa thelathini, kwa sababu sasa palikuwa na vibao na walinzi. Na ukingo wa barabara ulikuwa na ufa ambao Ijumaa haukuwepo. Injinia alipiga simu huku na huku kutafuta kifusi, akaambiwa asubiri. Aliniuliza nina wazo gani. Nilikuwa naona tu yule baba akicheka, na udongo juu ya kichwa chake.

Jumapili nilikuwa mlangoni kwa Mzee wa Vibao kabla hajaenda misa. Nilisahau hata kumwamkia. Nikamwambia wamekuja.

"Ni wangapi?"

"Jana walikuwa thelathini."

Hakusema, "Nilikuambia." Aliingia chumba cha nyuma, nikamfuata, na huko, akiwa amesimama katikati ya vibao vya nchi yake, ndipo akanieleza. Miaka mingi nyuma, akiwa katika nguvu zake, mwenye leseni mmoja wa Nyarugusu alimwita aandike vibao vya kuzungushia duara lililokuwa limeoza matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo. Alitaka jina lake livume machimboni, kwa hiyo akatumia rangi bora aliyokuwa nayo, nyekundu na nyeupe, akapaka varnishi mara mbili. Akarudi Kahama kwa basi, maana siku hizo gari lilikuwa bado halimtapishi. Baada ya wiki tatu wakamwita tena Nyarugusu, akadhani amepata kazi nyingine. Walimwita aandike misalaba. Watu watatu walikuwa wamefukiwa na majina yao yalitakiwa yawe safi.

"Nilipofika walikuwa wanamtoa wa tatu," akasema. "Hawakuwa na machela. Walimlaza juu ya kibao changu. Nilisoma maneno yangu pembeni ya bega lake."

Akaandika ile misalaba mitatu. Aliyekuwa anamshikia kopo la rangi, ndugu wa marehemu mmoja, ndiye aliyemweleza kwa nini walichimba pale, na alimweleza kwa upole uleule.

Nilitazama ukuta, mistari minne minne, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nakimbilia uani miaka yote ile. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mtu asisogee, kwa ukweli, naye akaamini. Alianza na lugha kwa sababu alidhani kosa lilikuwa lugha. Akatunga nchi ya kujaribia, akaondoa dhahabu ili kwanza ajue kama inawezekana popote.

"Na umepata?" nikamwuliza.

"Bado."

Kisha akauliza kama nina hakika hakuna njia nyingine. Nilikuwa na haraka, nikasema hakuna. Sikujua ananiuliza nini, wala mimi ninamwomba nini.

Alikuja nami kwenye gari la kazini, mtu asiyeweza kufika hata nje ya mji. Tulisimama mara nne akatapika. Dereva alimpa ndimu, akaishika mkononi bila kuinusa. Tulipokaribia Nyarugusu aliniomba nimtafutie bati kuukuu, lenye kutu, na rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo, ikiwezekana iliyoganda. Nikapata bati lililokuwa linaziba tundu la banda la kuku. Alilisugua kidogo tu. Halafu akaichukua brashi kwa mkono wa kushoto.

Niliona mambo ya kushtua mwaka huo, lakini lile ndilo ninaloliota. Yule mtu aliyechora duara kwa pumzi moja aliandika kama mtu anayejifunza kusoma. Herufi zililala, zikagongana, ya mwisho ikakosa nafasi ikashuka pembeni. Rangi ilichuruzika akaiacha. Iliandikwa: SEHEMU YA KUMWAGA MAJI YA VYOO. MWISHO WA GARI HAPA. Mkono ulikuwa unafanya kwa makusudi kila kitu ulichokataa kufanya maisha yote.

Vibao vyangu vizuri tuling'oa vyote sita, tena mbele yao, tukavitupa garini kama takataka. Walinzi tukawaambia waondoke. Wachimbaji walitutazama, wakaona ni sisi tumeshindwa, wakacheka. Mzee akakipachika chake kwenye mti mkavu, kimeinama, akakipiga msumari mmoja tu. Kisha akarudi garini akakaa, macho chini.

Yule baba akatoka shimoni, akakisoma. Akasoma tena. Akainusa mikono yake. Wenzake wakaanza kutoka mmojammoja, na mama wa chai akatazama sufuria yake. Kukawa na ubishi. Mmoja akasema mbona hapanuki. Mwingine akamjibu kwamba vitu vya zamani havinuki, ndivyo vinavyoua. Baba akanijia, akaona fulana yangu ya njano.

"Dada, ni kweli haya?"

Aliniuliza kwa kuniamini. Mzee alikuwa garini, ananisikia.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Tulikuwa tunaona aibu kuandika."

Alitema mate pembeni, akasema maneno marefu ya Kisukuma ambayo dereva alikataa kunitafsiria. Kisha wote wakacheka, hasa kumcheka mmoja wao aliyekuwa ameonja udongo asubuhi kutafuta ladha ya madini. Kabla jua halijafika utosini walikuwa wamekusanya makarai yao. Alipoondoka mtu wa mwisho, kipande cha ukingo kiliporomoka chenyewe, bila kelele nyingi, pale pale ambapo turubai la mama wa chai lilikuwa. Injinia alivua kofia. Mimi nilikaa barabarani.

Nilimgeukia mzee nikitaka kumshukuru. "Wabeja, mzee," nikasema. Aliendelea kujifuta rangi kwenye mkono wa kushoto. Njia nzima ya kurudi hakutapika hata mara moja.

Miezi yote iliyofuata nilimsumbua Injinia kuhusu kifusi mpaka akaniongezea mkataba ili, kwa maneno yake, nipunguze kuja ofisini kwake. Hatimaye malori yalikuja. Duara likajazwa, likashindiliwa, ukingo ukajengwa upya kwa mawe. Niling'oa lile bati kwa mikono yangu, nikalisugua kwa mafuta ya taa mpaka halikubaki na herufi hata moja, nikarudi nalo Kahama siku hiyohiyo. Nilitaka aone kwamba yale maneno hayapo tena duniani.

Mama Kulwa alinifungulia geti akaniambia mzee yupo, lakini siku hizi hamkimbizi mtu. Nilimkuta karakanani akipiga mistari ya chaki kwenye kibao cha saluni. Nikamwamkia, akaitika vizuri, ingawa ilikuwa asubuhi. Nikamweleza kuhusu kifusi. Akauliza maswali ya fundi: wameshindilia mara ngapi, maji yatapita wapi mvua ikinyesha. Alifurahi, niliona alifurahi. Nikamwonyesha bati. Akalipokea, akaligeuzageuza, akalisimamisha ukutani pamoja na mabati mengine ya kutumika.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Kuta zilikuwa tupu, zina alama za misumari tu. Chini kulikuwa na magunia ya mchele ya Mama Kulwa.

"Mzee, nchi iko wapi?"

"Ipo palepale," akasema. "Mimi ndiye nimetoka."

Akanieleza kwa sauti ya kawaida, huku akipima. Huko kuna sheria ya wachora vibao, imo kwenye daftari la kwanza kabisa, kabla hata ya lugha. Mchora vibao akiandika uongo, hata mmoja, anavuka mpaka na harudi. Nikamwambia lakini uongo wenyewe nimeufuta, na shimo limejazwa, na watu thelathini wako hai wanakunywa chai mahali fulani. Akakubali yote hayo. Akasema angeandika tena, leo hii, kwa mkono uleule.

Nilikuwa na hoja zaidi. Nilikuwa nimezipanga kwenye gari, kutoka Nyarugusu mpaka Kahama, ingawa sikujua nilikuwa napanga za nini. Niliishia kusema ile ya kitoto kuliko zote.

"Lakini mzee, nchi ni yako. Sheria umeitunga wewe."

"Ndiyo," akasema. "Ningekuwa nimeikuta imetungwa na wengine, ningeweza kuivunja."

Akaninyooshea ncha ya uzi wa chaki niushike upande wa pili, maana bati lilikuwa refu. Niliushika. Aliuvuta ukakaza, akaufyatua, na mstari ukatokea, mnyoofu, wa herufi za mtu wa saluni.